Risasi isiyo na risasi: jibu kwa mwindaji wa Manyoni

Msomaji kutoka Manyoni ameniandikia hivi, nami nimeufupisha ujumbe wake kidogo: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwindaji bingwa, naongoza wageni kwenye kitalu upande wa Rungwa. Msimu ujao napokea mgeni kutoka Denmark. Ameshatuarifu kwamba anakuja na risasi za shaba tupu, na ameomba hata mimi ninayesimama nyuma yake nitumie za namna hiyo nikizipata. Je, shaba inamwangusha nyati kweli? Kuna metali nyingine za kushika nafasi hiyo? Mwenzangu kambini anasema hizo mpya nazo ni sumu, eti askari wa Ulaya zimewaumiza. La mwisho ndilo linaloninyima usingizi: nyama tunawagawia wanakijiji, nyingine naipeleka nyumbani, na mke wangu ni mjamzito. Tumekuwa tukila sumu miaka yote?"

Marahaba, kijana wangu. Umeuliza maswali manne. Matatu nitayajibu kwa kirefu, na la nne, la nyama, nalianza kwa neno moja ili usome mengine ukiwa umetulia: ndiyo, kuna la kurekebisha, lakini ni jambo unaloweza kulirekebisha kwa kisu na kwa kubadili risasi, tena kuanzia leo.

Kwanza tupambane na lugha yetu. Kiswahili kilipokea neno risasi kutoka Kiarabu, ambako rasasi ni ile metali nzito ya kijivu, na humo humo neno likavuka hadi kwenye kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki. Ndiyo maana "risasi isiyo na risasi" inasikika kama kitendawili cha watoto. Tusije tukapotezana: nikisema madini ya risasi nataja metali. Nikisema kichwa nataja kile kinachoruka. Fataki ni kile kidude kilicho kwenye kitako cha ganda, kinachogongwa na pini. Marisau ni zile punje za bunduki ya kupigia kanga na kwale. Hivi ni vitu vinne na kila kimoja kina habari yake, na wengi wanaobishana juu ya jambo hili hubishana kwa sababu mmoja anaongelea kichwa na mwenzake anaongelea fataki.

Madini ya risasi hayakuchaguliwa na mtu mjinga. Sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 11.34, wakati ya chuma ina gramu 7.9 tu. Yanayeyuka kwenye nyuzijoto 327, maana yake moto wa mafiga matatu na kikaango kibovu vinatosha. Wavuvi wa pwani wanalijua hilo, wamekuwa wakijimiminia chubwi za mishipi yao uani bila kiwanda. Ni laini, hayaukwaruzi mtutu, yakigonga nyama yanafunguka, na bei yake ni ya kawaida. Ukimpa fundi yeyote kazi ya kutafuta kitu cha kutengenezea kichwa cha bunduki bila kumwambia habari ya afya, atarudi na madini ya risasi kila mara.

Tatizo ni kwamba mwili hauna kazi nayo hata kidogo. Yakiingia, mwili huyachukulia kama ndugu wa kalisi na kuyaweka mifupani, ambako hukaa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Afrika Mashariki tulijifunza hayo kwa uchungu huko Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilikuwa jirani na makazi ya watu, na ilibidi mama mmoja, Phyllis Omido, awapeleke mahakamani wakubwa kabla dunia haijasikia. Yale yalikuwa moshi na majitaka ya kiwanda. Yako wewe yanakuja kwa njia nyingine, nitaifikia.

Sasa mgeni wako. Usidhani anakuletea maringo ya Kizungu. Denmark ilipiga marufuku marisau ya madini ya risasi nchi nzima mwaka 1996, na kuanzia Aprili 2024 ikaongeza vichwa vya rifle, ikawa nchi ya kwanza kufika huko. Kwa hiyo huyu bwana akiwa kwao hana ruhusa ya kuwinda na kitu kingine. Bunduki yake imeshalengeshwa kwa shaba, mkono wake umeshazoea, na kumwambia abadili kwa ajili ya safari ya wiki mbili ni sawa na kumwambia mpishi aje na sufuria za watu. Hiyo peke yake ingetosha kuwa sababu.

Lakini ipo sababu ya pili, nayo inaruka angani juu ya kitalu chako kila siku. Ukipasua nyati au swala, matumbo na vipande vya kifua vilivyoharibika vinabaki porini. Kichwa cha kawaida, chenye kiini cha madini ya risasi na koti jembamba la shaba, hakibaki kipande kimoja kikigonga. Kinamwaga chembechembe. Tumbusi anakuja, anameza nyama pamoja na chembe, na tumbo la tumbusi lina asidi kali kupita ya mnyama yeyote unayemjua. Asidi ile ile inayomwezesha kula mzoga wenye kimeta bila kuugua ndiyo inayoyeyusha madini hayo na kuyamwaga kwenye damu yake.

Kule California ndege wa jamii hiyo, kondo, walibaki 22 tu mwaka 1982, na mwaka 1987 wa mwisho porini akakamatwa ili wazalishwe kizuizini. Waliporudishwa porini kuanzia 1992 waligundulika wanakufa tena, na muuaji mkubwa alikuwa chembe za risasi kwenye mizoga. Jimbo likaanza kwa kuzuia risasi hizo kwenye maeneo ya kondo mwaka 2008, na kuanzia Julai 2019 likazizuia kwa uwindaji wote. Ukiniambia California ni mbali, nenda Botswana. Watafiti walipima damu ya tumbusi mgongo-mweupe zaidi ya 500 kati ya 2012 na 2015, na karibu theluthi moja walikuwa na madini ya risasi mengi kuliko inavyotakiwa. Viwango vilipanda msimu wa uwindaji na kwenye maeneo ya uwindaji. Huyu tumbusi ndiye unayemwona Rungwa, na tangu 2015 amewekwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Sisemi wawindaji ndio wanaowamaliza tumbusi wa Afrika Mashariki. Mzoga uliotiwa sumu na mfugaji aliyekasirishwa na simba unaua tumbusi mia kwa asubuhi moja. Ila hili la risasi liko mikononi mwako, lile la mfugaji haliko.

Basi shaba. Inamwangusha nyati? Inamwangusha, na si habari mpya. Vichwa vya shaba tupu vinavyofunguka kama ua vimekuwa sokoni tangu mwaka 1989, kampuni ya Barnes ya Marekani ilipoanza kuuza vyake, na nyati wengi wa Afrika wameshavijaribu kwa miili yao. Faida yake kubwa ni kwamba kichwa hakimomonyoki. Kinaingia na gramu 17, ukikitoa kwenye ngozi ya upande wa pili kinakuwa na karibu gramu hizo hizo. Kwa mnyama mwenye mbavu zilizopandana kama za nyati, kichwa kinachobaki kizima ndicho kinachofika.

Yapo ya kuyazoea. Shaba ni nyepesi: gramu 8.96 kwa sentimita ya ujazo. Ukitaka uzito ule ule, unahitaji ujazo wa zaidi ya robo juu yake, na kwa kuwa upana wa mtutu haubadiliki, kichwa kinarefuka. Kichwa kirefu kinataka kuzungushwa kwa kasi zaidi na mifereji ya mtutu ili kisiyumbe, na pia kinakula nafasi ndani ya ganda. Ndiyo maana wenye bunduki za .375 wengi wakihamia shaba hushuka kutoka greni 300 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa) hadi 270 au 250 na hawajuti. Shaba ni ngumu pia, kwa hiyo inahitaji mwendo ili ifunguke. Kwa umbali wenu wa mita 60 au 80 hilo halina shida. Mpigaji wa milimani anayepiga mita 400 ndiye wa kuangalia. Halafu mtutu unashika utando wa shaba haraka, usafi unaongezeka. Na tafadhali usitoe boksi la zamani ukaweka jipya ukaenda porini. Lengesha upya, kwa kuwa kichwa kipya hakitapita njia ya kile cha zamani. Nimeona mgeni mzima na bunduki ya bei ya gari akimjeruhi pofu, yule swala mkubwa, kwa sababu hiyo tu, na kutwa nzima ikaishia kwenye nyayo za damu.

Wewe unayesimama nyuma una neno lako la ziada. Ninavyojua, wengi wenu mnabeba vichwa visivyofunguka kwa ajili ya mnyama anayekuja mbio. Usidhani vyote ni safi kwa kuwa havifunguki. Vya mtindo wa zamani ni koti gumu la chuma lililojazwa madini ya risasi ndani. Vya sasa vingi vimechongwa kwenye mashine kutoka nondo moja ya shaba au ya shaba ya manjano. Na hapo pana jambo ambalo muuzaji hatakwambia: shaba ya manjano ya kuchongwa mara nyingi hutiwa madini ya risasi asilimia mbili au tatu kiwandani, ili icheze vizuri na kisu cha mashine. Ni kiasi kidogo kilichofungwa ndani ya metali ngumu isiyomomonyoka, mimi kisingenisumbua. Lakini mgeni wako akikuuliza, usiape.

Metali nyingine zipo, na hapa ndipo mwenzako wa kambini anapopata haki yake, kwa sababu alichosema ni nusu kweli, tena nusu yenye maana. "Isiyo na madini ya risasi" inakuambia kilichoondolewa tu. Kilichowekwa hakijatajwa.

Sikia habari ya Cape Cod, Massachusetts. Kule kuna kambi ya mazoezi ya jeshi iitwayo Camp Edwards, na chini ya kambi hiyo kuna maji ya ardhini yanayonywewa na watu wa rasi hiyo. Mwaka 1997 wakala wa mazingira wa Marekani ukasimamisha upigaji wa risasi za kawaida hapo. Jeshi likaleta jawabu lake, tena kwa fahari: kichwa chenye unga wa tungsteni ulioshikizwa kwa nailoni. Tungsteni ni nzito kuliko madini ya risasi, gramu 19.3, haiyeyuki hadi nyuzijoto 3,422, na kila mtu aliamini kwamba ikikaa udongoni imekaa, kama jiwe. Wakaanza kuzipiga 1999. Miaka haikuwa mingi, tungsteni ikaonekana kwenye maji ya visima vya uchunguzi. Kumbe ule unga ukikutana na maji na hewa udongoni unageuka chumvi inayoyeyuka na kusafiri, tena kwa wepesi kuliko madini ya risasi yenyewe, ambayo kwa kawaida hung'ang'ania udongo wa juu. Februari 2006 zikasimamishwa. Mwaka mmoja kabla, 2005, watafiti wa jeshi lenyewe walikuwa wametangaza kwamba panya waliopandikizwa vipande vya aloi (mchanganyiko wa metali) ya tungsteni, nikeli na kobalti miguuni walipata uvimbe wa saratani. Aloi ile si unga wa Cape Cod, na si marisau ya tungsteni yanayouzwa kwa wawindaji wa bata leo, tusichanganye. Lakini mtu aliyekuwa akisema "tungsteni haina neno" hakuwa na pa kusimamia tena.

Wakajaribu bismathi. Ni metali ya ajabu, jirani wa madini ya risasi kwenye jedwali la elementi na bado haina sumu ya kutisha. Ipo hata kwenye dawa za tumbo. Uzito wake gramu 9.78. Ila inapasuka kama chaki, kwa hiyo huchanganywa na bati kidogo. Jeshi la Marekani lilipokuwa likitengeneza risasi mpya ya milimita 5.56 lilipanga kiini cha bismathi na bati, na mwaka 2009 likagundua kwamba kwenye joto kali kichwa hakifuati njia yake sawasawa. Bismathi huyeyuka kwenye nyuzijoto 271 na bati 232, mchanganyiko wao huanza kulegea chini ya hapo. Mtu aliyewahi kusahau boksi la risasi juu ya dashibodi ya Land Cruiser mwezi wa kumi pale Itigi haelezwi sana. Wakahamia kwenye shaba yenye ncha ya chuma, na hiyo ndiyo iliyopelekwa Afghanistan mwaka 2010.

Halafu Norwei, ambayo nadhani ndiyo mwenzako aliyoisikia. Jeshi lao lilipopokea bunduki mpya aina ya HK416 pamoja na risasi zisizo na madini ya risasi, askari wakaanza kulalamika: baada ya kupiga kwa saa kadhaa, usiku wanapata baridi, homa, kikohozi, kichwa na viungo kuuma. Ukimwuliza fundi yeyote wa kuchomelea mageti pale Manyoni mjini atakupa jina la ugonjwa bila kwenda maktaba. Ni ile homa inayomkuta aliyechomelea mabati ya zinki siku nzima kwenye kibanda kisicho na dirisha, halafu anakunywa maziwa akiamini yatamsafisha. (Maziwa yanaenda tumboni. Moshi uko mapafuni.) Moshi uliotoka kwenye risasi zile za Norwei ulikuwa na shaba na zinki kwa wingi. Watafiti wakachukua watu waliojitolea, wakawapigisha kwa utaratibu, wakapima damu na mapafu yao, na dalili zikaonekana kweli. Moshi wa risasi za kawaida nao haukutoka mahakamani bila hatia. Na shaba yenyewe inaposhuka kutoka kwenye tuta la kuzuia risasi hadi kwenye kijito, samaki wanaumia, maana kwa samaki shaba ni kali kuliko ilivyo kwetu. Kondoo nao hawaivumilii.

Nimekueleza yote haya si ili umwambie mgeni wako abadili mawazo. Tofauti ni wingi na mahali. Uwanja wa mazoezi unapokea mamia ya maelfu ya vichwa kwenye tuta moja, mwaka baada ya mwaka, na askari anapiga mamia kwa siku akiwa amelala, moshi ukimwingia puani. Wewe na mgeni wako mtapiga labda risasi 30 kwa safari nzima, kwenye kilomita za mraba zisizohesabika, hewa inavuma. Moshi na tuta si matatizo yenu. Tatizo lenu ni chembe ndani ya nyama, na kwa hilo shaba haina mshindani: haimomonyoki, na hata kikipotea kipande mwili wa mtu mzima unakijua na kukitoa.

Aliye kinyume chako ni mkufunzi wa shabaha wa ukumbi wa ndani, wale wanaofundisha walinzi. Ukimjua mmoja mfikishie haya. Kwake kichwa cha shaba bila kubadili fataki ni nusu ya kazi, kwani fataki ya kawaida imetengenezwa kwa kiungo cha madini ya risasi, na kila mlio unakimwaga kama vumbi laini usoni mwake. Kwenye kichwa cha kawaida kilicho wazi kitakoni, moto wa baruti nao unaramba madini na kuyageuza mvuke. Mwaka 2012 jopo la wanasayansi wa Marekani lililopitia viwanja vya shabaha vya jeshi lilisema viwango vya sheria ya kazi vilivyokuwepo, vya tangu miaka ya 1970, havimlindi mpigaji. Mtu huyo anahitaji feni ya kusukuma hewa kutoka mgongoni kwake kwenda shabaha, anahitaji fataki safi, na asirudi nyumbani na shati la kazini akambeba mtoto. Zaidi ya yote anahitaji kupimwa damu. Hamna mwenye mazoea ya kufagia ukumbi kwa ufagio mkavu aliyewahi kunipa majibu mazuri ya damu.

Kabla sijaingia jikoni kwako, acha nichepuke kidogo. Angalia orodha ya mbadala: shaba, bati, tungsteni. Shaba ni ya Katanga. Bati linachimbwa Kivu, na tungsteni inatoka Rwanda na Kongo hiyo hiyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inayataka makampuni yaseme kama bati na tungsteni yao imetoka kwenye machimbo yanayolisha vita. Bismathi nayo, kwa sehemu kubwa, hupatikana kama masalia ya kusafisha madini ya risasi. Kwa hiyo hata usafi wa bismathi unasubiri mtu mahali fulani achimbe kile tunachokikimbia. Hilo halinifanyi niache kuishauri. Linanifanya nisiwe na haraka ya kutamka neno "kijani" kila ninapoona boksi lenye picha ya jani.

Nyama sasa. Mwaka 2009 watafiti Marekani waliwapiga picha za eksirei paa 30 waliopigwa kwa rifle na risasi za kawaida, baada ya kupasuliwa na kutolewa matumbo. Kwa wastani kila mzoga ulikuwa na vipande vya metali 136. Aliyekuwa na vichache alikuwa na 15, mwenye vingi 409. Wakawapeleka kwa wachinjaji wa kawaida wakatwe na kusagwa. Kati ya pakiti 234 zilizorudi, 74 zilikuwa na chembe. Nyingi ni ndogo kuliko punje ya mchanga, jino halizihisi. Nyama ya kusaga ndiyo mbaya zaidi kwa sababu kinachotoka kwenye bega lililopigwa kinasambazwa kilo nzima.

Kwa hiyo, mpaka uhamie shaba, kaa na kisu chako namna hii. Usikate pale tu penye damu nyeusi. Kata shibiri mbili kuzunguka njia nzima ya kichwa, kuingia na kutoka, na ukitupe hicho kilichokatwa shimoni, uzike. Usiwape mbwa na usiwaachie tumbusi. Usioshe kifua kwa madumu ya maji ukidhani unasafisha. Ilijaribiwa Minnesota, ikaonekana maji yanazitembeza chembe hadi kwenye nyama iliyokuwa safi. Na shemeji yangu huko nyumbani kama ana mkono wa kulowesha nyama ya porini kwa siki, ndimu au ukwaju ili ilainike, nyama ya upande uliopigwa isiguse kitu kichachu: ukali ule unayeyusha madini na kuyafanya yaingie mwilini kirahisi zaidi. Najua nakunyima nyama nzuri. Nyati ana paja, na paja halipigwi.

Mke wako mwambie asiile kabisa ya mnyama aliyepigwa risasi ya kawaida mpaka ajifungue na kumaliza kunyonyesha. Mtoto aliye tumboni hapati kinga dhidi ya madini haya, yanavuka kondo la nyuma, na mfupa wa mama ukitoa kalisi kumjenga mtoto unaachia na kile kilichojificha ndani yake. Siku ya kliniki amweleze mkunga wazi kwamba nyumbani wanakula nyama ya kuwindwa, na aulize wapi anaweza kupimwa kiwango cha madini ya risasi kwenye damu. Si kipimo wanachofanya kila mahali, lakini kipo, pengine itabidi sampuli isafiri. Vituo vya Marekani vya kudhibiti magonjwa vinaanza kufuatilia mtoto akiwa na mikrogramu 3.5 kwa desilita, na Shirika la Afya Duniani linashauri chanzo kitafutwe kuanzia 5. Wewe pia upimwe, wewe ndiye uliyekaa na bunduki miaka yote. Mkigawa kijijini, nyama ya bega na ya mbavu za upande uliopigwa isiende kwenye nyumba yenye watoto wadogo. Hili utalipanga na mwenyekiti wa kijiji, hauhitaji mimi kukuambia namna ya kusema na wazee wako.

Mwisho wa ujumbe wako uliandika kwa mkato kwamba una bunduki ya babu ya marisau ya kupigia kanga, na ungependa kujua kama nayo ina mbadala. Inao, na ndio wa zamani kuliko wote. Marekani imezuia marisau ya kawaida kwa bata wa majini nchi nzima tangu 1991, kwa sababu bata huokota punje ziwani akidhani ni changarawe ya firigisi, firigisi inazisaga, na bata anakufa. Mkataba wa ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya uliweka lengo la kuyaondoa kwenye maeneo ya maji kabla ya mwaka 2000, na Tanzania, Kenya na Uganda zimo kwenye mkataba huo. Norwei ilikwenda mbali zaidi ikayapiga marufuku kila mahali 2005, halafu bunge lao likalegeza kamba 2015 nje ya maeneo ya maji, kwa hiyo usidhani mjadala umekwisha kwa watu wote.

Mbadala wa bei nafuu ni marisau ya chuma laini. Kwa kuwa ni mepesi unachagua punje kubwa kwa saizi mbili hivi kuliko ulizozoea, na unasogea karibu. Lakini chuma hakibonyei. Mtutu wa kizamani wenye kuta nyembamba, au uliobanwa sana mdomoni, unaweza kuvimba hapo kwenye mbano. Kwa mtutu wa namna hiyo bismathi ndiyo ya kutumia, ni laini, ingawa bei itakukunja uso.

Sitakuambia uchague ipi kabla sijajua bunduki yenyewe. Geuza mtutu, chini karibu na chemba kuna alama zilizogongwa na waliojaribu nguvu yake kiwandani. Zisafishe kwa kitambaa chenye mafuta, zipige picha kwenye mwanga wa asubuhi, nitumie. Mpaka nikujibu, kanga wa babu wasubiri.